Kulwa Kushoto

Niliinunua Mlango Mmoja, chini ya rundo la pasi za mkaa
na redio zisizo na matumbo:
kamera ya chuma, nzito kama tofali bichi,
ina macho mawili yaliyoachana kama ya mtu.
Sostenesi muuzaji aliona haya kutaja bei.
"Jicho moja nadhani ni la akiba," akasema.

Mimi ni fundi simu. Nimezoea skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi.
Nikaifungua, nikaipuliza vumbi la miaka sitini,
nikaifunga. Ikabaki skrubu moja mezani.
Mpaka leo sijui ilikuwa ya nini.

Jumapili nikashuka nayo Kirumba, mwaloni.
Mayu alikuwa anageuza dagaa juu ya nyavu,
nyuma yake mawe, nyuma ya mawe ziwa,
na kunguru mmoja kando ya ndoo, anajifanya hana habari.
Nikahesabu hatua tano, nikazuia pumzi.
Kamera ikalia mara moja tu,
kama ukucha unaovunja chawa.
"Imekufa?" Mayu akauliza.
Sikuwa na jibu.

Bi Generosa aliosha picha za mifupa hospitalini miaka ishirini na tisa
kabla kompyuta hazijamstaafisha.
Bafuni kwake: gunia dirishani, beseni tatu,
dawa inanuka siki na sarafu za zamani.
"Hesabu, usiguse." Nikahesabu.
Mkanda ukatoka unachuruzika: Mayu mara mbili,
ndoo mara mbili, kunguru mara mbili.
"Hongera," akasema, "umejifungua pacha."

Nikazibandika kwenye kadi kama zilivyokuja,
nikachomeka kadi kwenye kitazamio cha mbao,
nikabana pua ukingoni.
Mwanzo, hakuna kitu. Machozi. Msumari nyuma ya nyusi.
Picha mbili zinaogeleana, zinakataana,
kisha zikashikana,

na dunia ikawa kinyume.
Ziwa limekuja mbele, limesimama kama ukuta wa bati.
Mawe yamekuwa mashimo.
Mayu ni tundu lenye umbo la Mayu,
kanga yake iko ndani, mbali,
nyuma ya kila kilichokuwa nyuma yake.
Niliitupa kadi kitandani.
Usiku ule ugali ulinishinda.

Mayu hajui mambo ya lenzi. Aliuliza tu:
"Ulimtanguliza nani?"

Kwetu anayetangulia ni Kulwa, anayemfuata ni Doto.
Mimi ni Doto. Kulwa yuko Geita, mwezi wa saba huu hajapiga simu,
ugomvi wenyewe ni wa baiskeli.
"Mlipozaliwa mkunga alichanganya nyuzi za mikononi.
Siku tatu nikakunyonyesha kwa jina la mwenzako.
Mlilia, ng'wanawane, mkalia,
mpaka mbuzi wa jirani wakahama."
Akanipa mkasi wake wa nyavu.

Nikakata kadi katikati.
Wa kulia nikamhamishia kushoto,
mgongoni nikamwandikia K kwa kalamu ya risasi.
Macho yakauma, ila kidogo.

Mawe yakarudi yamevimba.
Ziwa likaenda kukaa kwake.
Kila dagaa ana mgongo, na chini ya mgongo, kivuli chake mwenyewe.
Mkono wa Mayu ukanijia hadi nikarudisha kichwa.
Na kati ya mgongo wake na maji
palikuwa na nafasi, tupu,
ya kumtosha mtu mmoja kusimama.
Picha zake zote za zamani zilimgandamiza ukutani;
kumbe siku zote ana nyuma.

Nikampa kitazamio. Akashikilia kwa mikono miwili,
mdomo wazi kidogo, kama anayesikiliza.
"Loo," akasema, "nimezeeka mpaka upande wa huko."
Halafu mkono mmoja ukaachia mbao,
ukapunga hewani mbele yake, mara mbili, kwa hasira,
kumfukuza yule kunguru.